Mtandao Unafia Wapi?

Mazungumzo ya mtangazaji. Nakala kwa vikundi vya kusikiliza. Isomwe kwa sauti pale ambapo redio haishiki.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

   

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya maji. Mzee mmoja wa kutoka upande wa Fizi, ambaye mimi humwita baba kwa sababu ni rika la baba yangu, alinishika bega. Mkononi alikuwa na simu ya binti yake. Akaniambia: "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, hebu nielezee. Wanasema mnara upo. Bando nimenunua. Kuna mjukuu wangu amezaliwa Uvira, picha yake imetumwa tangu jana, na hii simu inazungusha kiduara tu. Huu mtandao unafia wapi?"

Kwanza nilicheka. Halafu nikaona kwamba sina jibu. Tangu siku hiyo nimezunguka kuuliza mafundi wa minara, wauza laini na walimu wa kompyuta. Leo nakuja na jibu la mzee, na nadhani ni jibu letu sote.

(Muziki mfupi.)

Niwaambie kwanza kwa nini swali lile liliniuma.

Nilimaliza kidato cha sita hapahapa Uganda. Alama zangu hazikuwa mbaya. Likatoka tangazo la ufadhili wa chuo, na fomu ilikuwa ya kujaza kwenye intaneti. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Vyeti nilishavipiga picha, maelezo niliyaandika mara tatu, mwalimu akanisahihisha. Kitu kimoja tu kilichelewa: barua ya kunitambulisha. Niliipata mchana wa siku ileile ya mwisho.

Saa moja jioni nilipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu, kwa sababu pale ndipo simu hushika vizuri. Fomu ikafunguka. Ukurasa wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye ukurasa wa tatu, pale pa kuweka vyeti, mstari ulitembea hadi nusu ukasimama. Nikarudia. Nikazima simu nikawasha. Nikapunguza ukubwa wa picha. Rafiki yangu akaniazima bando lake, likaisha pia. Picha ya mwisho ilipanda saa sita na dakika nne. Ukurasa ukaniandikia kwamba muda wa kupokea maombi umekwisha.

Nilishuka gizani. Mama alikuwa bado macho. Aliniangalia usoni, akaniwekea ugali, hakuniuliza neno.

Simlaumu aliyetoa ufadhili, maana muda ni muda. Lakini tangu usiku ule sikubali tena mtu akisema intaneti ni mchezo wa vijana. Mama anayesubiri pesa kutoka kwa kaka yake anaihitaji. Mtu aliyepotezana na mtoto wake njiani anaihitaji. Mwalimu asiye na vitabu anaihitaji. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilifanya uchunguzi katika nchi nyingi na kutoa ripoti mwaka 2016. Lilikuta kwamba katika kila familia 100 za wakimbizi, 29 hazikuwa na simu kabisa, hata ile ndogo ya vitufe. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba mkimbizi anaweza kutumia mpaka theluthi moja ya pesa yake ya matumizi ili asikatike na watu wake. Hebu fikirieni. Mtu ananyima sufuria ili alishe simu.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kwa swali la mzee. Tufuate njia yenyewe, tuone mtandao unafia wapi.

Wengi wetu tunadhani intaneti inatoka angani. Kwa sehemu kubwa inatoka baharini. Chini ya bahari zimelazwa nyaya ndefu, na ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Watu huziita faiba. Picha, sauti na maandishi hupita humo kwa njia ya mwanga. Waya wa SEACOM ulifika Mombasa mwaka 2009, na ule wa TEAMS ukafika mwaka huohuo. Kabla ya hapo nchi zetu hizi zilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya matajiri.

Uganda haina bahari. Basi sehemu kubwa ya intaneti inapanda kwa nchi kavu kutoka Mombasa, inapita Nairobi, inavuka mpaka, inaingia Kampala, halafu faiba inafuata barabara kubwa mpaka Mbarara. Mpaka hapo mtandao ni mzima. Mtu aliye mjini Mbarara anaongea kwa video na shangazi yake aliye Canada, wanaonana meno.

Kutoka kwenye faiba mpaka kwenye mnara wa kijijini, mara nyingi waya haupo. Mnara mmoja unarushia mwenzake kwa mawimbi. Mkitazama juu ya mnara mtaona sahani nyeupe za mviringo, kama ngoma zimetundikwa. Sahani hizo lazima zitazamane bila kitu katikati. Kilima kikisimama katikati, inabidi ujengwe mnara mwingine wa kupokezana. Kutoka mnara wetu mpaka simu yako ni mawimbi tena.

Baba yangu wa kwenye foleni, ni hapo. Mtandao umesafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari na nchi kavu ukiwa mzima. Unafia kwenye kipande cha mwisho, karibu na mlango wetu. Na unafia kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kugawana. Mnara ni kama tangi moja la maji lenye koki nyingi. Koki mbili zikifunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu. Zikifunguliwa zote, kila mtu anapata matone. Jioni, watu wakitoka shambani na shuleni, wote wanafungua pamoja. Ukinunua bando unanunua kiasi cha maji tu. Hujanunua nguvu ya koki.

Ya pili ni umbali na vilima. Tazama juu ya kioo cha simu yako. Ukiona herufi E, uko kwenye mtandao wa zamani, unaofaa kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi, lakini picha itakutesa. Ukiona H au 3G, kuna nafuu. Ukiona 4G, hiyo ndiyo kasi. Simu hiyohiyo inaweza kuonyesha E mlangoni na H juu ya kilima.

Ya tatu ni umeme. Mnara ulio mbali na nyaya za umeme unaishi kwa sola, betri au jenereta ya dizeli. Dizeli ikichelewa, mnara unalala.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji atauliza: kama sababu zinajulikana, kwa nini hazitengenezwi?

Kampuni ya simu inafanya hesabu kama mwenye duka. Mnara mjini unahudumia maelfu ya watu wanaokaa karibu karibu na kununua bando kubwa. Mnara wa kijijini unahitaji vyuma vilevile, mlinzi na dizeli zaidi, halafu watu wametawanyika na wananunua bando la shilingi mia tano. Kwa hiyo kampuni inaweka mnara mmoja na kungoja.

Tusidhani wametunyima sisi peke yetu kwa sababu ni wakimbizi. Wenyeji wetu wa Isingiro wanaolima ndizi jirani na sisi wanapanda vilima vilevile. Hata Uingereza, nchi tajiri, wakulima wa mkoa wa Lancashire waliambiwa kwamba vijiji vyao havina faida ya kutosha kupelekewa waya.

Serikali ya Uganda inaijua hesabu hiyo. Tangu mwaka 2003 kuna mfuko chini ya tume ya mawasiliano, ambao kampuni za simu huchangia sehemu ya mapato yao, ili huduma ifike vijijini ambako biashara peke yake haifiki. Kwa hiyo mlango wa kubisha upo. Lakini nani anabisha, na anabisha akiwa na nini mkononi?

Hapa ndipo penye jambo langu la leo. Kampuni inaona kile kilichopita kwenye mnara wake. Haimwoni mtu aliyekata tamaa. Usiku ule wa fomu yangu, hakuna mahali palipoandikwa kwamba kijana mmoja alikaa kilimani saa tano. Kesho yake mama mmoja alishindwa kupokea ujumbe wa hospitali, naye hakuandikwa. Sisi tunalalamika kwenye foleni, kila mtu na simu yake, halafu tunarudi nyumbani. Malalamiko ya namna hiyo hayahesabiki, na kitu kisichohesabika hakijengewi mnara.

Waliofanikiwa kwingine walianza kwa kujihesabu. Niwape mifano.

Wa kwanza uko hapahapa Uganda, na ni wa kambini. Mwaka 2007, upande wa Gulu, watu wengi bado walikuwa kwenye kambi za ndani ya nchi kwa sababu ya vita vya LRA. Mradi unaoitwa BOSCO, chini ya Kanisa Katoliki la Gulu, uliunganisha kambi kama Pabbo kwa antena zinazorusha mawimbi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kompyuta zilikuwa za kutumia umeme kidogo, na umeme wenyewe ulitoka kwenye sola. Watu wa kambini waliweza kuongea na mjini na kutuma habari zao. Vita vilipotulia na watu kurudi makwao, mradi haukufa. Uliendelea na vituo vya kompyuta vijijini.

Mfano wa pili uko Afrika Kusini, kijiji cha Mankosi, jimbo la Eastern Cape. Wanakijiji pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape waliunda ushirika unaoitwa Zenzeleni. Walianza na kitu kidogo tunachokijua: kuchajisha simu kwa sola kwa pesa kidogo. Wakaongeza simu za bei nafuu, kisha intaneti. Na walikwenda kwa serikali kuomba kibali kabla ya kuuza huduma.

Wa tatu ni wale wakulima wa Lancashire. Mwaka 2011 waliunda kampuni ya jamii inayoitwa B4RN. Mwenye shamba aliruhusu waya upite bure, majirani walichanga pesa, na wengi walishika koleo wakachimba wenyewe. Leo nyumba za vijiji vile zina faiba yenye kasi kubwa.

Na kwetu Kongo, katikati ya Ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kiliwekewa mtandao wa jamii. Waliuita Pamoja Net. Jina hilo halihitaji tafsiri.

Sisemi tukachimbe kesho. Ardhi hii tumepewa kukaa na kulima, ina taratibu zake. Tena kurusha au kuuza intaneti kunahitaji kibali cha tume. Ninachosema ni kwamba kila mahali hapo kulikuwa na watu waliokaa chini na kuandika: tuko wangapi, tunahitaji nini, nani atatunza. Tatu hizo sisi tunaziweza.

(Muziki mfupi.)

Basi tufanyeje?

Kwanza, laini yako iwe kwa jina lako. Wengi wetu tunatumia laini zilizosajiliwa na mtu mwingine. Mama mmoja wa zoni ya Rubondo alisajiliwa laini na kijana wa boda, kwa wema tu. Kijana akahama. Simu ya mama ikapotea, na kuirudisha namba akashindwa, kwa sababu kwenye karatasi namba si yake. Pesa iliyokuwa humo mpaka leo hajaipata. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa karatasi ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, hata kabla ya kupata kadi. Ulizia wauzaji walioruhusiwa, nenda na karatasi yako halisi. Mlio nchi nyingine, sheria zenu ni tofauti. Ulizeni kwenye ofisi inayowahudumia kabla ya kutoa pesa.

Pili, tuwe na daftari la mtandao. Kila kikundi cha kusikiliza kichague mtu mmoja anayeandika vizuri. Kwa mwezi mmoja aandike mambo manne tu: siku na saa, mahali, herufi iliyoonekana kwenye simu, na kilichoshindikana. Mfano: "Jumatatu, saa mbili usiku, karibu na shule, herufi E, ujumbe wa kliniki haukufunguka." Jina la mtu si lazima, na ujumbe wake wa siri usiandikwe. Wasio na simu nao wahesabiwe, pamoja na sababu: hawana pesa, hawana chaji, au hawana laini.

Tatu, daftari lipelekwe kwa viongozi wetu wa wakimbizi, RWC, nao walifikishe kwenye mkutano wa mashirika na mkuu wa makazi. Tusiseme tu "mtandao mbaya." Tuulize maswali yenye jibu. Mnara huu una 4G au hauna? Unatumia umeme gani, na dizeli ikichelewa tumpigie nani? Kituo cha kompyuta kilichofunguliwa hapa kinafungwa saa ngapi, na kwa nini kifungwe kabla wanafunzi hawajatoka shule? Ule mfuko wa vijijini, wilaya yetu imeombewa? Na wenyeji tuwaite, tuandike pamoja. Mnara ni wao pia.

Nne, tutunze kilichopo. Nimeona kituo chenye kompyuta nzuri kikikaa na kufuli kwa sababu betri moja ilikufa na hakuna aliyejua ni kazi ya nani kununua nyingine. Kitu cha wote bila mtu wa kukiangalia ni cha vumbi.

Kuna na onyo. Watu wanapita wakisema wanauza dishi za setilaiti zinazomaliza shida yote. Setilaiti za siku hizi kweli zina kasi, lakini kila nchi ina ruhusa yake. Kongo kwetu serikali ilipiga marufuku Starlink Machi 2024, ikaja kutoa leseni Mei 2025. Kabla ya kuchanga pesa, uliza kama kifaa hicho kimeruhusiwa katika nchi uliyopo. Kisiporuhusiwa, kitachukuliwa, na pesa yenu itakwenda nacho.

Wakati tukingoja, haya yanasaidia. Jambo la maana lifanye alfajiri, kabla koki hazijafunguliwa zote. Kwenye WhatsApp, zima ile sehemu inayopakua picha na video zenyewe. Maelezo ya fomu yaandike kwanza kwenye daftari au kwenye simu, ndipo ufungue ukurasa. Picha ya cheti ipunguzwe kabla ya kupanda kilima. Kitabu au somo apakue mmoja, wengine wapokee kwa Bluetooth bila kutumia bando. Na mwisho wa fomu ukiwa Ijumaa, wewe jihesabie kwamba ni Jumanne. Hilo nimelilipia mimi, ninyi lichukueni bure.

(Muziki mfupi.)

Juzi nilikwenda kwa yule mzee nikamweleza yote: bahari, Mombasa, Mbarara, sahani, koki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe umefika mpaka mlangoni." Halafu akaniomba nimwandike kwenye daftari. Nikamwuliza niandike nini, maana yeye simu hana. Akasema: "Andika kwamba kuna babu ambaye mjukuu wake ana siku tisa, na sura yake hajaiona."

Nimeandika. Ni mstari wa kwanza wa daftari la kikundi chetu. Mpaka jana usiku tulikuwa na mistari 23. Na mwaka huu tangazo la ufadhili likitoka, nitajaribu tena.

  

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)

Maswali ya kikundi

1. Katika familia yako, ni jambo gani lilikwama kwa sababu mtandao haukushika?
2. Hapa tulipo, ni saa ngapi na mahali gani mtandao huwa na nafuu? Simu inaonyesha herufi gani?
3. Ni wangapi kati yetu laini zao ziko kwa majina yao? Wasio nazo wanahitaji karatasi gani?
4. Nani atashika daftari, na litapelekwa kwa nani baada ya mwezi mmoja?